Ndugu Watatu wa Short na Ndege Zao za Majini

Msafiri atokaye Kasese kuelekea Mbarara, akisha kuipita njia panda ya Kikorongo inayochepuka kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, hufika katika daraja la Katunguru lililo juu ya Mfereji wa Kazinga. Hapo, hasa wakati wa asubuhi, huweza kuwaona ndege wakubwa weupe waitwao mwari wakijitayarisha kuruka. Mwari ni ndege mzito. Hawezi kuchomoka majini kama kunguru achomokavyo juu ya paa. Hana budi kukimbia: huyapiga maji kwa miguu yote miwili, hukunjua mabawa, huacha nyuma yake mstari mrefu wa povu, hata mwishowe tumbo lake likaachana na maji. Na anapotua hutanguliza miguu, hukwaruza uso wa maji, kisha hukaa kitako na kuelea kana kwamba hakuwa na haraka yoyote.

Katika nyakati mbalimbali kati ya mwaka 1931 na mwaka 1950, ndege kubwa za abiria na barua zilifika Uganda kwa namna hiyo hiyo ya mwari. Hazikuwa na magurudumu ya kutulia. Tumbo lake lilikuwa mashua, na kiwanja chake kilikuwa Ziwa Victoria, pale Port Bell, karibu na Kampala. Ndege hizo zilitoka katika kiwanda kimoja cha Uingereza kilichoanzishwa na ndugu watatu wa tumbo moja, Horace, Eustace na Oswald Short. Historia yao inapaswa kujulikana huku kwetu, kwa kuwa sura zake nyingi ziliandikwa katika maji ya Afrika Mashariki na Kongo, na ile iliyo nzito kuliko zote iliandikwa kwa mikono ya wanavijiji wa Kongo.

MAPUTO CHINI YA DARAJA

Eustace na Oswald walianza na maputo. Walikuwa vijana wasio na mali, na puto lao la kwanza walilinunua likiwa limekwisha kutumiwa na wengine. Wakaona kwamba wangeweza kushona maputo bora kuliko lile walilouziwa, na mwaka 1905 wakapata kazi ya kutengeneza maputo 3 kwa ajili ya jeshi la Uhindi. Mwaka uliofuata walipanga chini ya matao ya daraja la reli huko Battersea, London. Mahali hapo palikuwa na kelele za treni mchana kutwa, lakini palikuwa jirani na kiwanda cha gesi ya makaa ya mawe, na gesi ndiyo iliyojaza maputo.

Kaka yao Horace alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa ametembea dunia, akawa meneja wa mgodi wa fedha huko Mexico, na aliporudi Uingereza akafanya kazi na Charles Parsons, bingwa wa injini za turbini za mvuke. Wadogo zake walipopata habari mwaka 1908 kwamba Wilbur Wright, Mmarekani, alikuwa akiruka kwa ndege yenye injini mbele ya watu huko Ufaransa, mara moja walitambua kwamba siku za maputo zilikuwa zikihesabika. Wakamwita kaka yao. Mnamo Novemba 1908 waliandikisha kampuni yao, Short Brothers, kila mmoja akitoa paundi 200. Jumla ya mtaji ilikuwa paundi 600.

Miezi michache baadaye, mapema mwaka 1909, walipata kibali cha kutengeneza ndege 6 za aina ya Wright, kila moja kwa bei ya paundi 200. Wright hawakuwa na michoro kamili ya kumkabidhi fundi. Basi Horace alikwenda Ufaransa, akaipima ndege yenyewe kipande kwa kipande, akaichora kwa mkono wake. Kwa kazi hiyo ndugu hawa huhesabiwa kuwa wa kwanza duniani kuunda ndege kwa mafungu badala ya kuunda moja moja kama mtu aundaye kitanda cha mwanawe.

Karakana waliijenga katika kisiwa cha Sheppey, mahali pa majani na matope karibu na mlango wa mto Thames. Ndege za wakati ule zilikuwa kazi ya seremala na mshoni zaidi kuliko ya mhunzi. Mifupa ya mabawa ilikuwa miti myepesi iliyochongwa kwa randa, na ngozi yake ilikuwa kitambaa cha kitani. Wanawake walikishona kitambaa hicho kwa mishono ya karibu karibu, kisha kikapakwa dawa yenye harufu kali iliyokifanya kikauke, kinywee na kukaza kama ngozi ya ngoma. Mama wa nyumbani aliyewahi kutia wanga shati la sare ya mumewe anaielewa kazi hiyo, ila hapa mshono ukifumuka hakuna aibu ya gwaride tu. Mtu huanguka kutoka angani.

Tarehe 30 Oktoba 1909, J.T.C. Moore-Brabazon, akiruka kwa ndege ya pili ya akina Short, alipata zawadi ya paundi 1,000 ya gazeti la Daily Mail kwa kuruka mzunguko wa maili moja. Siku chache baadaye akapakia nguruwe mdogo ndani ya kikapu, akakifunga kikapu kwenye ndege na kuruka naye, kwa sababu Waingereza walikuwa na msemo kwamba jambo lisilowezekana litatokea siku nguruwe watakaporuka. Huenda huyo ndiye abiria wa kwanza wa ndege za Short asiyekuwa na hiari.

KUTOKA MTO NILE HADI RUFIJI NA TANGANYIKA

Jeshi la majini la Uingereza lilivutiwa mapema. Tarehe 10 Januari 1912 Luteni Charles Samson aliruka kwa ndege ya Short kutoka juu ya manowari iliyotia nanga. Manowari hiyo, kwa bahati, iliitwa Africa. Kuanzia hapo Horace aliingia katika kazi iliyolipatia jina kampuni yao: ndege zenye maboya badala ya magurudumu, na mabawa yanayoweza kukunjwa ili ndege itoshee ndani ya meli.

Mapema mwaka 1914 Frank McClean, rafiki na mteja wao wa tangu mwanzo, aliufuata mto Nile kwa ndege ya namna hiyo kutoka Alexandria hadi Khartoum. Injini ilimsumbua mara nyingi njiani. Hata hivyo alifika, na ndege yake ilielea juu ya maji ambayo baadhi yake yalitoka kwetu. Mvua na theluji ya Rwenzori huteremka kwa mito ya Mubuku na Nyamwamba hadi Ziwa George, zikapita Kazinga hadi Ziwa Edward. Mto Lhubiriha unaopita mpakani Bwera nao huishia katika ziwa hilo hilo. Kisha maji hushika mto Semliki, Ziwa Albert na Nile. Jambo hili la njia za maji litahitajika tena mbele.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya matawi ya mto Rufiji, katikati ya mikoko, ambako mizinga ya meli kubwa haikuweza kuifikia. Kuipata kulihitaji jicho la juu. Ndege za kwanza zilizoletwa, za kampuni nyingine, zilishindwa na joto: gundi iliyozishika ikaachia. Mnamo Aprili 1915 zikaletwa kutoka Bombay ndege 3 za Short za mabawa ya kukunja. Zilikuwa zimechakaa, nazo hazikuweza kupanda juu sana, kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi na bawa halipati mahali pa kujishikiza. Zikaruka chini chini, ndani ya shabaha ya bunduki, lakini zikarudi na picha za manowari hiyo ilipojificha. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, baada ya ndege za aina nyingine kuongoza shabaha ya mizinga.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kongo. Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege 4 za Short ili kupigana na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Askari wanaofahamu taabu ya kupeleka zana mahali pasipo na barabara watathamini safari hiyo: meli hadi mlango wa mto Kongo, kisha treni, kisha boti za mtoni, kisha treni tena, hadi ukingo wa ziwa karibu na mji unaoitwa sasa Kalemie. Mawimbi ya ziwa yalikuwa makali mno kwa maboya, hivyo zikafanya makao katika bwawa la Tongwe lililo jirani. Mnamo Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake wakalivuka ziwa na kudondosha mabomu bandarini Kigoma, ambako ilikuwepo meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Meli hiyo iliwahi kufungiwa mzinga uliotolewa katika mabaki ya Königsberg, kwa hiyo ndege za akina Short zilikuwa zikiufuata mzinga ule ule kutoka pwani hadi bara. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwezi wa Julai, wakiwa wameipaka injini mafuta mazito ili isile kutu. Waingereza waliiibua baadaye, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Behaeghe hakuuona mwisho wa mwaka ule. Aliugua na kufariki Kongo Desemba 1916.

Horace naye alifariki Aprili 1917, vita vikiwa vinaendelea.

MASHUA YENYE MABAWA

Amani ilipokuja, hakuna aliyetaka ndege mpya. Ndege kuukuu za vita zilijaa maghalani na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Akina Short, ambao sasa walikuwa na kiwanda Rochester kando ya mto Medway, wakaunda mabodi ya mabasi na majahazi ya mizigo ili mafundi wao wasiende na njaa. Oswald alishika uongozi, naye alikuwa na wazo ambalo wakubwa wa serikali hawakulipenda. Mashua ya mbao, alisema, hunywa maji. Kila siku ikaayo majini huzidi uzito, na kila ratili ya maji iliyonyonywa ni ratili ya abiria au barua iliyoachwa nyuma. Yeye alitaka kuunda kwa madini, hasa mchanganyiko wa alumini uitwao duralumini. Mwaka 1920 alionyesha ndege nzima ya madini. Wataalamu wakatikisa vichwa wakihofia kutu na kuchoka kwa madini. Oswald akashikilia, na miaka ikampa haki.

Mnamo Novemba 1927 Sir Alan Cobham aliondoka Rochester kwa ndege ya Short aina ya Singapore, yenye tumbo la madini, akiwa na mkewe na wasaidizi wachache. Alipita Nile na Ziwa Victoria, akashuka hadi Rasi ya Tumaini Jema, akarudi Ulaya kwa pwani ya magharibi. Alizunguka bara zima, yapata kilomita 37,000, na swali alilokuwa akilichunguza lilikuwa rahisi: je, Afrika iliyo na viwanja vichache vya ndege haikuwa tayari na viwanja vilivyotengenezwa na Mungu, yaani mito na maziwa yake?

Jibu lilikuja tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya kutoka London hadi Mwanza. Kutoka Khartoum kuja kusini ndege zilizotumiwa zilikuwa za Short aina ya Calcutta, zikipita Port Bell na Kisumu. Baadaye njia hiyo ikapewa ndege za nchi kavu. Eustace, aliyekuwa na desturi ya kuruka kwa ndege ndogo ya maji, alifariki Aprili 1932 akiwa kwenye usukani, muda huo huo alipokuwa ametua salama juu ya mto Medway. Akabaki Oswald peke yake.

Mwaka 1936 ilitoka ndege iliyofunika zote zilizotangulia, ile ya aina ya Empire. Shirika lilikuwa limeagiza ndege 28 kabla hata ya moja kuruka, jambo ambalo mfanyabiashara mwangalifu wa soko la Bwera angelikataa. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 35 hivi kutoka ncha hadi ncha. Ilikuwa na injini 4, ilichukua abiria 24, na palikuwa na chumba chenye dirisha refu ambamo abiria walisimama na kutazama tembo na viboko wakipita chini. Uzito wake ikiwa imejaa ulifika tani 18.

Mtu aweza kuuliza, tani 18 zinatokaje majini? Chukua sinia lililolowa, lilaze juu ya meza iliyolowa, kisha jaribu kuliinua lote kwa pamoja. Linang'ang'ania. Liinue upande mmoja hewa ipenye, nalo linaachia. Wahunzi wa Rochester walilivunja tumbo la mashua kwa kidato, yaani sehemu ya nyuma ilikaa juu kidogo kuliko ya mbele. Ndege iliposhika mwendo, hewa ilipenya hapo, tumbo likaachiwa, ikaruka. Lakini mwendo huo ulihitaji maji marefu, yaliyonyooka na yasiyo na kitu ndani. Ndiyo maana kila ilipotarajiwa ndege, motaboti ilitangulia kuyakagua maji isije ikawa gogo, mtumbwi au kiboko yumo njiani.

Kuanzia Juni 1937 ndege hizo zilikwenda kutoka Southampton hadi Durban, zikipita Nile, Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Barua iliyokuwa ikichukua majuma kadhaa kwa meli na treni sasa ilifika kwa siku chache, kwa stempu ya senti moja na nusu ya Kiingereza. Familia yoyote iliyo na mtu wake jeshini mbali inajua thamani ya tofauti hiyo.

CORSAIR MTONI DUNGU

Tarehe 14 Machi 1939 mojawapo ya ndege hizo, iliyoitwa Corsair, iliondoka Port Bell kuelekea Juba ikiwa njiani kutoka Durban kurudi Uingereza. Kapteni wake alikuwa Alcock, mdogo wa yule John Alcock aliyevuka bahari ya Atlantiki kwa ndege mwaka 1919 pamoja na Arthur Brown.

Ndani ya ndege kulikuwa na chombo cha redio kilichomwonyesha rubani upande wa kwenda. Siku hiyo kilimwonyesha uongo. Chini palikuwa na ukungu, na Nile, ambayo ingepaswa kuwa mwongozo, haikuonekana. Saa ya kufika Juba ilipita, Juba haikutokea. Mafuta yakawa yanakwisha. Ndipo ikadhihirika kwamba Corsair ilikuwa imekwenda magharibi mno, ikauvuka ule mwinuko ambao mvua ikinyesha upande wake mmoja huenda Nile na upande wa pili huenda Kongo. Mfanyabiashara wa Bwera apitaye Kasindi na Beni akaingia misitu ya Ituri anauvuka mwinuko huo huo kwa miguu au kwa lori: maji anayoyaacha nyuma yataonekana Misri, na anayoyakuta mbele yatamwagika Atlantiki. Kwa ndege ya maji tofauti hiyo ilikuwa ya uhai. Upande wa Nile palikuwa na vituo, motaboti na mafuta. Upande wa pili hapakuwa na kitu.

Kapteni aliona mto mmoja mwembamba, Dungu, karibu na Faradje, kaskazini-mashariki ya Kongo, zaidi ya kilomita 200 kutoka Juba. Akatua. Kutua kwenyewe kulifaulu, lakini mwamba uliojificha ukalipasua tumbo la mashua na maji yakaingia. Akaielekeza ndege ukingoni kwa nguvu za injini, ikakwama matopeni. Watu wote walitoka hai.

Sasa lilikuja swali gumu. Ndege ilikuwa mpya na ya thamani kubwa, lakini ilikuwa imelala ndani ya kijito kisicho na barabara, karakana wala winchi. Wengine wangeitoa injini na kuyaacha mengine kwa viboko. Waliamua kuiokoa. Mafundi wa kiwanda cha Short walitumwa kutoka Uingereza, wakiwa na vyombo vyao vya kupigia ribiti, kuja kuishi ukingoni mwa Dungu. Mvua zilinyesha, mto ukapanda na kushuka, mbu hawakuwa na adabu. Mabamba ya duralumini yalipigwa mahali palipopasuka, injini zikafunguliwa na kufungwa tena, na mnamo Julai 1939 Kapteni Kelly Rogers, rubani aliyeheshimiwa, akajaribu kuirusha.

Haikuruka. Mto ulikuwa mwembamba na wenye kona, ndege ikagonga mwamba mwingine, tumbo likapasuka mara ya pili, ikazama tena pale pale ilipotolewa kwa kazi ya miezi minne.

Mnamo Septemba vita vya pili vya dunia vikaanza. Ndege za maji zikawa adimu, na kila moja ikahitajika. Mafundi waliitengeneza upya, lakini safari hii walikubali kwamba kasoro haikuwa ya ndege bali ya mto. Kama mto ulikuwa mfupi na wa kina kidogo, basi mto wenyewe ungepaswa kubadilishwa. Likakatwa shauri la kuuziba Dungu kwa boma la miti, mawe na udongo, ili maji yapande nyuma yake, yafunike miamba na kufanya bwawa la kutosha ndege kukimbia.

Na hapo ndipo historia ya kampuni ya ndugu watatu ilipokabidhiwa mikononi mwa watu wengine. Shauri lilikuwa la wahandisi wa Kizungu, lakini kazi ilikuwa ya mamia ya Wakongo wa vijiji vya jirani. Walikata miti, wakabeba mawe, wakasomba udongo, wakafungua njia porini ili magari yapite. Palizuka kijiji kizima ambacho Waingereza walikiita kwa utani mji wa Corsair. Kongo ya wakati ule ilikuwa chini ya Wabelgiji, na mtu aliyeitwa kazini hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Vitabu vya historia ya ndege humtaja Alcock, humtaja Kelly Rogers, humtaja mwenye kiwanda. Waliouziba mto huitwa vibarua tu, bila majina. Hata hivyo mhandisi yeyote wa jeshi atakubali kwamba kuuzuia mto wa kitropiki kwa majembe na mabega, ukasimama hadi siku iliyotakiwa, ni ufundi unaostahili kuwekwa sawa na kupiga ribiti.

Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi tangu ilipotua, Corsair ilipunguzwa kila kitu kisichohitajika, ikatiwa mafuta kidogo, na Kelly Rogers akashika usukani tena. Ndege ikakimbia juu ya bwawa lililotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Ikaachana na maji. Ikaenda Juba, kule ilikokuwa ikitarajiwa tangu Machi ya mwaka uliopita, na kutoka hapo ikarudi kazini. Ilitumika muda wote wa vita, na ikavunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1947.

BAADA YA HAPO

Oswald hakubaki na kiwanda chake. Mwaka 1943, wakati wafanyakazi wake walipokuwa wakiunda kwa wingi ndege za vita za Sunderland na Stirling, serikali ya Uingereza ilikitwaa, naye akajiuzulu uenyekiti. Kazi za Rochester zikahamishiwa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Alikufa mwaka 1969, mzee aliyeanza maisha chini ya puto la gesi na kuishi hadi kusikia habari za watu waliotembea juu ya mwezi.

Ndege za maji zilirudi Uganda kwa muda mfupi. Kuanzia mwaka 1948 Solent za kiwanda hicho hicho, zenye orofa mbili, zilitua Port Bell zikiwa njiani kwenda Afrika Kusini. Novemba 1950 zikaondolewa. Vita vilikuwa vimeacha viwanja vya lami kila mahali, na ndege ya magurudumu haihitaji motaboti, maboya ya kufungia wala mtu wa kuchota maji yaliyovuja tumboni. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, maji ya Port Bell yalikuwa yamekwisha rudishiwa meli na mitumbwi.

Belfast ikaendelea. Mwaka 1963 iliruka ndege yake ndogo ya mizigo aina ya Skyvan, yenye umbo la sanduku na mlango mpana nyuma, iliyoweza kutua katika kiwanja kifupi cha vumbi; jeshi la anga la Oman liliitumia kwa miaka mingi. Mwaka 1989 kiwanda kiliuzwa kwa kampuni ya Bombardier ya Kanada, na mwaka 2020 kikanunuliwa na Spirit AeroSystems ya Marekani. Wakati huo kilikuwa kikitengeneza mabawa ya ndege za abiria aina ya Airbus A220. Mabawa hayo hayakuwa ya duralumini. Yalitengenezwa kwa kitambaa, kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichokatwa na kutandazwa tabaka juu ya tabaka, kikalowanishwa kwa utomvu maalumu, kisha kikaokwa katika tanuri kubwa mpaka kikakauka na kukaza.